Springi za nyuma za mkonga (HZJ75) zimelala: niongeze majani, nizipige upya au ninunue mpya?

Lumbesa Express (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Nina mkonga, Land Cruiser HZJ75 pickup ya 1994, injini 1HZ, springi za majani (bamba za chuma zilizopangana) mbele na nyuma. Kazi yake ni vitunguu. Napakia Mang'ola, napandisha Karatu, narudi mtupu. Gari nimeirithi kwa mjomba, naye aliinunua mnadani ikiwa imeshachoka, kwa hiyo historia yake kila mtu anaisimulia kivyake.

Tatizo ni kwamba nyuma imelala. Hata tupu mkia uko chini kuliko kichwa, na upande wa kulia umezidi. Ukisimama nyuma yake unaona mtu aliyebeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja. Nikipakia gunia kumi, ekseli inagota kwenye raba (ile ya kuizuia isigonge chesisi) kila shimo, ghap, ghap, mpaka utingo wangu amefanya mchezo wa kuhesabu. Juzi tulifika Karatu akaniambia "leo mia moja na arobaini, bosi."

Mwaka juzi fundi mmoja aliniongezea majani mawili ya lori kila upande. Miezi mitatu ilikuwa raha. Sasa hivi ikiwa tupu inaruka kama mbuzi, ikipakiwa inagota vilevile. Na wiki iliyopita nikiwa chini nakagua krosi (viungo vya propela, shafti inayozungusha matairi ya nyuma) nimeona ufa kwenye chesisi, kulia, karibu na pale springi inaposhikwa kwa mbele. Urefu wa kidole cha shahada.

Nimeshauriwa mambo matatu na watu watatu: ongeza jani la tatu, peleka springi zikapigwe upya, nunua seti mpya. Wa seti mpya alinitajia bei nikaona ng'ombe watatu wanatembea kutoka zizini. Naombeni mwongozo.

Nasubiri Majibu

Nimekaa siti ya mbele, mafundi waje. Ila mkuu hiyo ghap nimeisikia mpaka huku Tabata.

Lifti Inchi Nne

Mkuu usihangaike. Weka sheko ndefu (vile vyuma vinavyoning'iniza mwisho wa springi kwenye chesisi) nyuma na mbele, gari inanyanyuka siku hiyohiyo. Mimi nilifanya kwenye Hilux yangu, bei ya soda.

Mkonga wa Porini

Kijana wa sheko, kaa pembeni kidogo tutakurudia.

Lumbesa, mimi ni dereva wa watalii Arusha, mwaka wa kumi na sita huu, na gari zetu nyingi ni hizohizo ndugu zake. Hiyo njia ya Naabi, Serengeti, unaijua, barabara imekuwa bati, mawimbi matupu. Springi kwetu ni kama soli ya kiatu, tunazifahamu kwa kuzimaliza.

Kwanza ujue gari uliyonayo. Ya 75 ina majani pande zote nne. Kuanzia 1999 zilipokuja 78 na 79, mbele wakaweka koili, nyuma wakabakiza majani lakini marefu zaidi. Kwa hiyo ukienda dukani ukasema tu "springi za mkonga" utapewa za 79 na hazitakaa. Sema HZJ75, sema pickup, sema nyuma. Nimeona mtu katoka Moshi mpaka Dar, Gerezani, karudi na springi za gari lingine kwa sababu alisema "za Land Cruiser, boss anajua".

Pili, hizo zako zimechoka. Chuma cha springi kina umri. Kikikunjwa mara milioni kadhaa, tena kwa kugota, hakirudi tena kilipokuwa. Nunua mpya, ndiyo kura yangu. Zipo za Japani zilezile za kiwandani, na zipo za Australia, Old Man Emu au Dobinsons, ambazo wanakuuliza kabisa unabeba kilo ngapi kila siku. Baadhi zina jani la pili lililokunjwa likazunguka jicho (tundu la nchani) la jani la kwanza. Hiyo ni bima: jani mama likikatika jichoni, la pili linaishika ekseli hadi ufike nyumbani.

Fundi Kombo

Habari wakuu. Mimi ni fundi springi, mtaa wenyewe siutaji nisije nikaonekana najitangaza. Nataka kusema kitu kuhusu kupiga upya, kwa sababu watu wanatutukana bila kujua kazi.

Kuna kupiga baridi na kupiga moto. Baridi ni jani linalazwa juu ya chuma chenye bonde, linapigwa nyundo inchi kwa inchi mpaka lirudishe mkunjo. Haraka, rahisi, mteja anasubiri akinywa chai. Na kwa gari iliyochoka inakaa wiki sita, ikizidi sana miezi minne. Halafu inalala tena, maana chuma ni kilekile kilichochoka, umekibadilisha sura tu.

Moto ndiyo kazi. Jani linapashwa moto mpaka liwe jekundu linalong'aa, karibu nyuzi 850, linakunjwa kwenye kalibu, linazamishwa kwenye oili. Halafu, na hapa ndipo wengi wanaruka, linarudishwa motoni mara ya pili, moto mdogo, nyuzi 450 hadi 500, linaachwa lipoe taratibu. Ukiruka hatua hiyo jani linakuwa gumu kama kioo na siku moja linakatika kimya kimya. Ukizamisha kwenye maji badala ya oili, linaweza kupasuka palepale mbele ya mteja. Ukiliacha tu lipoe kwa hewa linakuwa laini, linalala kabla hujafika Makuyuni.

Sasa mwambieni fundi mwenye mkaa na feni ya kuvuvia apime nyuzi 450 kwa macho. Wapo wanaoweza, wazee. Ni wachache, na wanazidi kupungua. Kwa hiyo mimi mwenyewe, ambaye kula yangu iko hapo, nakwambia kwa gari la biashara la kubeba mzigo huo: usipige.

Nasubiri Majibu

Fundi anayefukuza mteja. Nimeshuhudia leo.

Babu wa 109

Wajukuu hamjambo. Sisi tuliziita kamani, hizo springi zenu. Mimi nina Land Rover 109, Series III, ipo nyumbani kwangu tangu mwanangu wa kwanza hajazaliwa, na kamani zake nimebadilisha mara mbili tu maisha yangu yote. Siri yake ni moja: sipakii upuuzi.

Zile za asili zilikuwa na majani mengi membamba, yanasuguana, yanapiga kelele kama kitanda cha hoteli ya stendi. Baadaye nikaletewa na mwanangu aina ya parabola. Majani mawili au matatu tu, mazito katikati na yanayokwenda yakinyooka membamba kila mwisho, hayagusani isipokuwa katikati na nchani. Gari ikawa kama imefundishwa adabu. Nasikia kwenye Toyota si rahisi kuzipata, lakini mjue zipo.

Kamani za zamani sikuzitupa. Mhunzi wa Kimaasai alizichukua kwa mbuzi mmoja. Sime nyingi mnazoziona kiunoni kwa morani zilianzia chini ya gari.

Lumbesa Express

Shikamoo Babu. Nimecheka hapo kwenye kitanda.

Fundi Kombo asante kwa ukweli. Lakini bado sijaelewa kitu kimoja. Kama niliongeza majani mawili ya lori, mazito, springi imekuwa ngumu kweli, tupu inanirusha mpaka kofia inagonga paa. Iweje ikipakiwa bado inagota? Si ingezuia?

Mhandisi Kimya

Swali zuri, na jibu lake ndilo litakuokolea ng'ombe.

Unachanganya vitu viwili: ugumu na kimo. Ugumu ni kilo ngapi zinahitajika kuishusha springi sentimita moja. Kimo ni sentimita ngapi ulizonazo kabla ekseli haijagusa raba. Gari inagota pale kimo kinapoisha, hata springi iwe ngumu namna gani.

Ugumu wa jani unakwenda na unene wake mara tatu, yaani unene mara unene mara unene. Jani la milimita 6 likiwa 1, la milimita 8 lenye upana na urefu uleule ni kama 2.4, la milimita 10 ni kama 4.6. Kwa hiyo jani moja la lori la milimita 10 ni sawa na kuongeza majani manne na nusu ya Land Cruiser. Fundi wako alidhani anaongeza mawili.

Sasa kimo. Jani la lori lina mkunjo wake, mara nyingi limenyooka zaidi. Ukilifunga pamoja na majani yako kwa senta bolti (bolti ya katikati) na yu-bolti (zinazoibana springi kwenye ekseli) ukakaza, halikubali kukunjika. Ni lenyewe linalonyoosha wenzake. Pakiti nzima inashuka. Umelipia ugumu kwa kimo.

Fanya jaribio. Gari tupu, mahali tambarare, pima kutoka juu ya ekseli hadi kwenye raba, kulia na kushoto. Halafu pakia gunia mojamoja na uangalie ni gunia la ngapi linaloifanya iguse. Na kama kuna mzani wa magari karibu, pima ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, tupu na umepakia. Usiniletee makisio.

Lifti Inchi Nne

Yaani apakie apakue gunia kwa ajili ya uzi wa mtandaoni 😂

Mhandisi Kimya

Ndiyo.

Dada wa Samburu

Hamjambo watu wa Bongo. Mimi ni dereva huku Maralal, naendesha 75 ya mradi wa maji, tunaenda Baragoi mpaka Loiyangalani. Hiyo barabara si ya vumbi, ni mawe tupu, kila jiwe lina jina lake.

Kuna kitu hakuna mtu amegusia na mimi kilikaribia kuniua. Nyuma kwenye difu, pale kwa ekseli, kuna fimbo ndogo imeunganishwa na vali ya breki juu kwa chesisi. Kazi yake ni kusoma mzigo. Gari ikilala, vali inajua umebeba, inapeleka breki nyingi nyuma. Gari ikisimama juu, inajua uko mtupu, inapunguza breki ya nyuma ili matairi yasijifunge.

Sasa tulipowekewa springi mpya ndefu, nyuma ikapanda. Vali ikadhani niko mtupu siku zote. Nimebeba tangi la maji lita elfu moja, nateremka, nakanyaga breki, pua inazama chini na nyuma hakuna kitu inafanya. Nilitumia gia na maombi. Fundi alirudi akarekebisha ile fimbo ikakaa sawa na kimo kipya, kazi ya dakika ishirini. Kwa hivyo Lumbesa, hata ukiweka springi za dhahabu, uliza hiyo fimbo.

Na angalia mpira wa breki wa nyuma. Ekseli ikining'inia mpira usivutike kama kamba ya nguo.

Mkonga wa Porini

Huyo dada apewe mic. Wengi wetu hiyo fimbo tumeikuta imefungwa kwa waya wa kufungia na mwenye gari hana habari.

Lumbesa Express

Wakuu nimerudi, nimefanya kama nilivyoagizwa. Wapakiaji wamenidhani nimerukwa na akili.

Tupu, nafasi kati ya ekseli na raba: kulia sentimita 5, kushoto 7. Nikaanza kupakia. Gunia la tano, kulia imegusa. La saba, kushoto imegusa. La nane mpaka la kumi yote yanabebwa na raba na chesisi.

Mzani nimepewa kwenye ghala moja la mazao. Tupu nikiwa ndani: mbele 1,040, nyuma 890. Gunia kumi na utingo: mbele 1,120, nyuma 2,180. Jumla 3,300. Nimekaa kimya kama dakika tano nikiangalia ile karatasi. Gunia zangu nilikuwa najua ni kilo mia. Kumbe ni mia na thelathini, ndiyo lumbesa yenyewe, gunia lililojazwa kupita kiasi, jina langu hapa limenisuta.

Mhandisi Kimya

Safi sana. Sasa tuhesabu pamoja.

Gunia tano zimeongeza nyuma kama kilo 620, kila springi 310. Kulia imeshuka sentimita 5. Kwa hiyo ugumu ulionao ni kilo 60 na kitu kwa kila sentimita. Huo ni ugumu mkubwa kwa gari hilo likiwa tupu, ndiyo maana kofia yako inagonga paa.

Mzigo kamili umeongeza nyuma 1,290, kila springi 645. Kwa ugumu huohuo ungehitaji sentimita 10 na zaidi. Wewe unazo 5. Ugumu unao, kimo huna. Ukiongeza jani la tatu la lori utakuwa umejenga benchi, si springi, na ule ufa utafika ng'ambo ya pili ya chesisi, maana nguvu isipomalizwa na springi lazima imalizikie mahali pengine.

Unachohitaji ni springi laini kuliko hizo, lakini yenye mkunjo mkubwa zaidi, na chini yake hepa: majani mawili mazito yaliyonyooka ambayo hayafanyi kazi mpaka gari ishuke. Tupu unaendesha kwenye majani laini. Ukipakia, yale ya juu yanakuja kulalia hepa na ugumu unapanda. Mfano: nafasi ya sentimita 12, ugumu wa kilo 45 kwa sentimita kwa zile 7 za mwanzo, hapo umebeba 315. Hepa ikiingia ugumu ukawa 110, kilo 330 zilizobaki zinakula sentimita 3. Jumla 10, zimebaki 2 za mashimo.

Ambazo ni chache. Na hapa nitakukera: tani 3.3 ni nyingi mno kwa gari hilo. Soma kibao cha kiwanda na uheshimu kilichoandikwa. Springi mpya hazibadilishi breki, beringi wala kasha la ekseli. Rudi gunia nane.

Lumbesa Express

Gunia nane wenye vitunguu watanuna.

Babu wa 109

Wanune. Chesisi haipatikani kwa kununa.

Lifti Inchi Nne

Sawa wakubwa, lakini mbona hamnijibu sheko? Kimo si ndicho anachokosa? Sheko inampa kimo!

Fundi Kombo

Haya kijana, zamu yako. Sheko ndefu inanyanyua chesisi mbali na ekseli, kweli. Ukirefusha kwa inchi mbili unapata inchi moja, kwa sababu ni upande mmoja tu wa springi. Na haiongezi hata gramu ya kubeba. Springi iliyolala inabaki imelala, imeinuliwa tu kwa kisigino.

Mbele ndiyo hatari. Kwenye gari ambazo sheko iko kichwani mwa springi, ukirefusha unaizungusha ekseli, juu inakwenda mbele. Stelingi inakuwa nyepesi, hairudi yenyewe baada ya kona, kwenye lami mwendo wa 80 inatangatanga kama mlevi anayetafuta kwao. Inarekebishwa kwa kabari za chuma kati ya springi na ekseli, lakini ukifika huko umeshatumia pesa ya springi. Nyuma nako unabadilisha pembe ya propela, krosi zinaanza kuimba.

Hiyo Hilux yako, mkono wa usukani ukiuachia inakwenda wapi?

Lifti Inchi Nne

...kushoto.

Nasubiri Majibu

😂😂😂 Uzi umekuwa mtamu.

Volkano

Jambo bandugu. Miye niko Goma. Kwetu majani tunaita lame, ni Kifaransa tulirizi. Huku barabara iko ya mawe ya volkano, inakula pneu (tairi) na inakula lame. Miye napenda kuongeza neno moja tu: yu-bolti. Watu wanatoa lame za zamani, wanatia za mpya, wanarudisha yu-bolti zilezile. Yu-bolti ikisha kazwa sana mara moja imevutika, haikamate tena vizuri. Ikilegea, ile bolti ya katikati inabeba yote, inakatika, ekseli inateleza nyuma. Gari inatembea kama kaa, mbele inaangalia njia, nyuma inaangalia shamba. Niliona moja imetoa propela kabisa pale Sake.

Mkonga wa Porini

Hapo umegonga penyewe. Yu-bolti mpya kila mara, senta bolti mpya, bushi (raba za machoni mwa springi) mpya. Na ukimaliza, kaza tena baada ya kilomita 100, kisha 500, kisha 1,000. Majani yanakaa sawasawa taratibu, rangi ya kati yake inaliwa, na kila kikikaa yu-bolti inalegea.

Kingine kuhusu shokapu. Shokapu za zamani kwenye springi ndefu zinakuwa fupi, gari ikiruka zinafika mwisho kabla ya springi, zinang'oa macho yake. Pima kabla hujanunua.

Lumbesa Express

Je, grisi kati ya majani? Mjomba alikuwa anapaka mpaka inadondoka.

Babu wa 109

Kwangu, pwani, nilipaka. Chumvi ingekula.

Mkonga wa Porini

Na mimi huku vumbini sipaki hata kidogo. Grisi ikikutana na vumbi la Eyasi unapata msasa. Springi za siku hizi zina vipande vya plastiki ngumu kwenye ncha za majani vya kupunguza msuguano, viangalie tu visidondoke. Hapa mimi na Babu hatutakubaliana, ni suala la unakoishi.

Lumbesa Express (wiki saba baadaye)

Wakuu, naleta mrejesho, wengi mmeniuliza inbox.

Niliuza ng'ombe wawili, siyo watatu, seti ikaja ya Australia: nyuma tu, majani sita ya juu na mawili ya hepa. Mbele nimeacha, nikapima nikakuta ziko sawa. Shokapu za nyuma nimebadilisha.

Tulianza na chesisi. Fundi wa weldingi alitoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee, akauchimba mfereji, akajaza, halafu akafunika kwa bamba lenye ncha kama almasi. Alitaka kuchomelea pembe za bamba wima kukata chesisi, nikakumbuka kuna mtu aliniandikia pembeni kwamba hapo ndipo patapasuka tena, nikamwambia achomelee kwa ulalo tu. Alinitazama vibaya lakini akafanya. Betri tulichomoa, na springi mpya tuliziweka mbali kabisa na cheche.

Kutoa za zamani ilikuwa vita. Pini ya mbele ya kulia ilikuwa imeoana na bushi miaka thelathini. Tulipiga oili, nyundo, jeki. Mwisho fundi akaingiza msumeno kati ya springi na mkono wa chesisi akaikata pande zote mbili. Pini moja, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa nane. Tatu zilizobaki zilitoka kwa saa moja zote.

Nilipofungua pakiti ya zamani nikakuta jani mama la kulia lina ufa karibu na senta bolti, umeshakula zaidi ya nusu ya upana. Ndani ya ufa chuma kilikuwa cheusi, isipokuwa ukingo mwembamba uliokuwa unang'aa. Fundi akasema ule weusi ni wa zamani, ule mng'ao ni wa wiki hii. Nilikaa chini kwenye tairi.

Kufunga: mbele ya springi imeandikwa, tulifuata. Kichwa cha senta bolti tulihakikisha kimeingia kwenye tundu lake juu ya ekseli, mara ya kwanza kilikaa pembeni tukashusha tena. Yu-bolti mpya, tulikaza kwa kupokezana kona na kona. Pini hatukuzikaza mpaka gari imeshuka chini na kusimama kwa uzito wake, kwa sababu ukikaza ikiwa juu ya jeki, raba za bushi zinabaki zimejipinda na kuchanika mapema. Fimbo ya breki imerekebishwa, Dada wa Samburu ubarikiwe.

Vipimo. Siku ya kwanza tupu: kulia 12, kushoto 12 na nusu. Baada ya wiki tatu zimeshuka kila upande kama sentimita moja, zimekaa hapo. Gunia nane: zinabaki 2 na nusu kabla ya raba. Tupu, kofia inakaa kichwani. Kwenye bati la barabara napunguza upepo kidogo nyuma nikiwa nashuka mtupu, ni tofauti kabisa. Yu-bolti kwenye kilomita 100 zilikubali karibu robo mzunguko, kwenye 500 kidogo sana, jana kwenye 1,000 hazikutikisika.

Wenye vitunguu walinuna. Wawili wamehama, wamekwenda kwa jamaa wa Canter. Mmoja amerudi.

Dada wa Samburu

Amina. Na utingo anahesabu nini sasa?

Lumbesa Express

Safari ya kwanza alihesabu mbili, zote pale kwenye korongo nililoingia na mwendo. Ya pili hakuna. Siku hizi analala njia nzima, namwamsha Karatu.

Lifti Inchi Nne

Mkuu hizo springi za zamani unauza? Nina Hilux...

Fundi Kombo

KIJANA.

Babu wa 109

Mjukuu, kama bado ziko, usimpe huyo. Za Land Cruiser nitumie namba pembeni, yule mhunzi bado anafua na ananiulizia. Za lori nazo atazichukua, anasema zinatoa panga zuri. Ila ile yenye ufa itenge, asije akaipokea bila kujua.

Lumbesa Express

Ile yenye ufa siitoi, Babu. Nimeitundika ukutani gereji. Nyingine zote njoo uchukue, mbuzi utakula mwenyewe.